Wavuvi wa Usiku katika Ziwa Tanganika

Watoto, mnajua kwamba watu wengi hufanya kazi mchana na kulala usiku. Mlimaji hutoka asubuhi na jembe lake. Fundi hupiga nyundo yake mpaka jioni. Lakini iko kazi moja inayoanza wakati wengine wanapofunga mlango. Ni kazi ya wavuvi wa ndagala na wa mikebuka.

Usimame ukingoni mwa Ziwa Tanganika, huko Uvira, Baraka, Kalemie ao Moba, usiku usio na mwezi. Utaona taa nyingi mbali juu ya maji, zimepangana kama taa za mji. Mgeni hudhani ni mji wa ng'ambo. Sivyo. Kila taa ni ya wavuvi, na kila mmoja wao ameacha mke na watoto nyumbani, nao hawatalala vizuri mpaka mtumbwi urudi. Juu ya nini watu hawa hawavui mchana, wakati macho yanaona na jua linapasha mwili moto? Hilo ndilo somo letu la leo.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe. Tanganika ni refu sana. Tangu Uvira, kaskazini, hata Mpulungu katika nchi ya Zambia, ni karibu kilometri 670. Upana wake ni karibu kilometri 50, pengine zaidi. Nchi nne zinalinywa: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Kina chake kinafika metri 1,470. Katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kama hicho, na katika dunia nzima liko moja tu linalolishinda, ndilo Baikali katika nchi ya Urusi.

Usidhani lakini kwamba samaki wanakaa mpaka chini kabisa. Samaki naye anahitaji hewa, na hewa yake ni ile iliyochanganyika na maji. Upande wa kaskazini, ukishuka karibu metri 100, hewa ile inakwisha. Upande wa kusini inakwisha karibu na metri 200. Chini ya hapo ni giza na maji mabaya, samaki hawezi kuishi. Ziwa letu ni kama nyumba ndefu ya ghorofa nyingi, na watu wanakaa katika ghorofa ya juu tu.

Katika ghorofa ile ya juu wanaishi samaki wa namna nyingi. Leo tunataka wawili.

Wa kwanza ni ndagala. Yeye ni mdogo, mrefu kama kidole, anang'aa kama fedha. Ni jamaa ya sardini wa bahari, wale wanaouzwa katika mikebe. Wako ndagala wa namna mbili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenzake. Yule mdogo haishi siku nyingi: mwaka mmoja, ao zaidi kidogo, halafu amekwisha. Hutaga mayai yake katika maji ya wazi. Mayai yanazama polepole, nayo huanguliwa kwa muda wa siku moja ao mbili, kabla hayajafika kwenye maji yasiyo na hewa. Kama yangechelewa, watoto wote wangekufa. Ni nani aliyeyapimia mayai yale saa yao? Mwenyezi Mungu hakusahau hata yai la ndagala.

Wa pili ni mukebuka. Hilo ni jina la watu wa Kalemie na Moba. Huko Uvira na Bujumbura wanamwita mukeke, na ng'ambo, huko Kigoma, wanasema mgebuka. Mwili wake ni mwembamba na mrefu, macho yake ni makubwa, na mdomo wake ni wa mwindaji. Anaweza kupita sentimetri 40. Sangala wakubwa ni ndugu zake. Wote pamoja ni namna nne, nao hawapatikani katika ziwa lingine lolote, ni wa Tanganika tu. Wataalamu wanamwita mukebuka kwa jina la mganga mmoja Mbelgiji, Louis Stappers, aliyepita hapa akikusanya samaki kabla ya vita ya 1914. Mukebuka akiwa mdogo hula vidudu na kamba wa ziwani. Akikua, hula ndagala. Ndiyo maana ukitaka mukebuka, utafute kwanza ndagala.

Sasa tumsikilize mtoto mmoja wa shule. Ni wakati wa likizo, na baba yake amemruhusu kuingia mtumbwini mara ya kwanza. (Katika siku za darasa haifai. Mtoto aliyekesha ziwani hulala juu ya daftari, na mwalimu wake anajua mara moja.)

– Baba, juu ya nini tusivue mchana?

– Mchana utawaona ndagala wapi, mwanangu? Wamekwenda chini.

– Wanaogopa nini?

– Wanaogopa kuonekana. Na chakula chao kimekwenda chini vilevile.

Baba amesema kweli. Ndani ya maji mna vidudu vidogo sana, kama vumbi, na kila kimoja ni kiumbe chenye uhai. Mchana, jua likiwaka, vidudu hivi hushuka gizani ili visionekane na kuliwa. Usiku hupanda juu kula majani madogo yanayoelea, yale yasiyoonekana kwa macho. Ndagala huvifuata. Mchana wako metri 50 chini, hata karibu 100. Usiku wako karibu na uso wa maji. Mukebuka naye huwafuata ndagala. Hivyo kila jioni chakula na mlaji hupanda pamoja, na kila alfajiri hushuka pamoja. Safari hii haionekani na mtu aliyesimama ukingoni, lakini ni safari kubwa kuliko ya watu wote wa sokoni.

Injili inatueleza kwamba Mtume Petro na wenzake walivua usiku kucha wasipate kitu. Mtu wa mjini akisoma habari ile, hustaajabu kwamba walivua usiku. Mtu wa Tanganika hastaajabii neno lile. Yeye hustaajabu kwamba Bwana Yezu aliwaambia washushe nyavu tena wakati usiku umekwisha, naye Petro, mvuvi mzoefu, akatii.

Basi, usiku samaki wako juu. Lakini ziwa ni pana. Utawakusanyaje mahali pamoja? Kwa taa. Ndagala wakiona mwangaza huja na kuuzunguka, elfu na elfu. Babu zetu waliijua akili hii kabla ya taa za dukani. Walifunga matita ya kuni kavu ao matete, wakayawasha mbele ya mtumbwi. Mmoja alishika moto, mwingine alipiga kafi, na wa tatu alichota samaki kwa lusenga. Lusenga ni wavu kama mfuko mkubwa, mdomo wake umefungwa juu ya mti uliopindwa, na una mpini mrefu. Ilikuwa kazi ya nguvu. Kuni zilikwisha upesi, moshi uliingia machoni, na cheche zilichoma mikono.

Baadaye zikaja taa za petroli zenye kupigwa pampu, na moto mbele ya mitumbwi ukazimika. Katika miaka ya 1950 Wagiriki waliokaa kando ya ziwa walileta mashua za mota zenye nyavu kubwa za kuzungushia samaki. Wavuvi wengine wakajifunza kuunganisha mitumbwi miwili kwa miti mirefu, na kushusha katikati yake wavu mpana wa kuinuliwa. Siku hizi wengi wameacha taa za petroli. Wanatumia taa ndogo za umeme zenye batri, nazo batri zinajazwa mchana kwa nguvu ya jua. Taa hizi hazizimwi na mvua, wala hazili pesa ya petroli kila usiku.

Tuufuate sasa mtumbwi wa yule mtoto na baba yake. Ni mitumbwi miwili iliyounganishwa. Wavuvi wanaondoka jua likiwa bado kidogo, ili wafike mbali kabla ya giza. Wanapofika wanawasha taa na kuzitundika juu ya maji. Kisha wanangoja. Hapo ndipo mtoto anapochoka. Saa moja inapita, na ya pili. Baridi inashika miguu. Watu wanasema kwa sauti ndogo, ao hawasemi. Baba anainama na kutazama maji chini ya taa. Kwanza anaona vidudu tu, vinazunguka kama mainzi. Halafu anaona mmuliko mmoja wa fedha, halafu kumi, halafu maji yote yanachemka.

Sasa wanashusha wavu. Unafanana na shuka kubwa sana iliyoshikwa pembe zake, nao unazama metri makumi chini ya samaki. Wanangoja tena kidogo. Baba anatoa neno, na wote wanavuta kamba pamoja. Pamoja, ndilo neno kubwa. Mmoja akilegea, upande wake wa wavu unashuka, na ndagala wote wanamwagika pale kama maji katika kikapu. Mtoto amewekwa kushika kamba ya pembeni. Mikono inamwuma, lakini haachi.

Wavu umepanda. Ndani yake mna ndagala wengi, wanaruka na kulia kama mvua juu ya majani. Katikati yao mna samaki warefu kumi na wawili. Ni mikebuka. Walikuja kuwinda, wakawindwa. Wengine wanakaa gizani, pale mwangaza unapokwisha, wakiwanyemelea ndagala. Hao huvuliwa kwa uzi mrefu wenye ndoana nyingi. Mvuvi anaushusha, anauvuta kidogo, anauacha, anauvuta tena. Mukebuka anadhani ni ndagala anayekimbia.

Kazi hii inarudiwa mara mbili ao tatu mpaka karibu na alfajiri. Usiku mwingine mtumbwi unajaa. Usiku mwingine wanarudi na samaki wa kutosha mboga tu, na deni la mota linawangoja nyumbani.

Lakini si kila usiku wavuvi hutoka. Mwezi ukiwa mpevu hubaki nyumbani. Unajua juu ya nini? Mbalamwezi inaangaza ziwa zima. Ndagala wanatawanyika kila mahali, na taa ya mvuvi inakuwa kitu kidogo kama kijinga cha moto mchana. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi hupumzika karibu juma moja, siku za kabla na za nyuma ya mwezi mpevu. Wanashona nyavu na kuziba mitumbwi. Mke wa mvuvi anajua vizuri kuhesabu mwezi, maana juma lile pesa haingii, na alipaswa kuweka akiba mbele.

Tena iko pepo. Tangu mwezi wa tano hata wa tisa upepo wa kusini huvuma kwa nguvu. Ni upepo wa hatari, lakini una faida pia: unavuruga ziwa na kupandisha juu mbolea iliyokaa chini, na hivyo chakula cha samaki kinaongezeka. Wataalamu walieleza katika mwaka wa 2003 kwamba maji ya Tanganika yanazidi kupata moto, na kwa hiyo yanachanganyika kidogo kuliko zamani. Chakula kikipungua, samaki nao wanapungua. Katika wakati wa mvua hatari ni nyingine. Dhoruba huja ghafula kutoka milimani, na usiku mvuvi haoni mawingu. Anasikia tu baridi usoni, na maji yanabadili sauti. Mwenye akili anakata shauri mara moja, anaacha samaki na kurudi. Wengine walisema «tuvute mara moja tena», na watu wa kijiji walikuta kafi zao tu.

Wanyang'anyi nao wako ziwani. Wanaiba mota na taa, wakati mwingine na wavu. Kwa hiyo wavuvi hupenda kukaa mitumbwi mingi karibu karibu.

Asubuhi kazi inapita mikononi mwa wanawake. Ndagala huoza upesi sana. Wanatandazwa juu ya mchanga ao juu ya vitanda vya matete, na jua likiwa kali wanakauka kwa siku moja. Kilo tatu ao nne za ndagala wabichi zinatoa kilo moja ya wakavu. Mvua ikinyesha siku ile, jasho la usiku mzima limepotea. Wakavu hufungwa katika magunia na kwenda mbali. Zamani treni iliwachukua kutoka Kalemie mpaka migodi ya Katanga, na watu wengi ambao hawajaona Tanganika hata siku moja wamekula ndagala wake na ugali.

Wako hata ndagala waliosafiri wazima. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa namna hii wa maji ya wazi. Kati ya mwaka wa 1958 na 1960 wataalamu Wabelgiji waliwachukua ndagala wachanga wa Tanganika, wale wa namna kubwa, wakawamwaga katika Kivu. Wakazaana. Leo watu wa Goma na Bukavu wanawaita sambaza, nao wanawavua usiku kwa taa, katika mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Wakipiga kafi huimba, na nyimbo zao zinasikika mpaka ukingoni.

Turudi Tanganika, maana liko jambo linalogombanisha watu wa huko, hata ndugu wa nyumba moja. Ni jambo la macho ya wavu.

Taa haichagui. Inaita samaki mkubwa, inaita na mtoto wake. Anayechagua ni wavu. Wavu wa macho makubwa kidogo unawaacha wachanga wapite. Lakini wako watu wanaoshona vyandarua vya mbu, vile vinavyotolewa bure juu ya kuzuia malaria, wakavifanya nyavu. Chandarua hakiachi kitu. Kinachota hata watoto wa ndagala waliozaliwa juzi, ambao ukiwakausha wanakuwa vumbi. Mukebuka naye hazai kabla hajapita sentimetri 20. Akivuliwa akiwa kama kalamu, hakuzaa hata mara moja. Na nyumbani, watoto wa mtu yule wanalala bila chandarua, wanaumwa na mbu, wanashikwa na homa.

Ukimwuliza atasema: «Watoto wangu watakula nini leo?» Ulizo lake si la kuchekwa. Mtu mwenye njaa haoni mwaka ujao. Lakini jirani yake mwenye wavu mzuri anatoka usiku, anawasha taa, anangoja mpaka alfajiri, na maji chini ya taa hayachemki. Wale ambao wangekuwa wakubwa mwezi huu walichotwa ukingoni miezi mitatu mbele.

Kwa ajili ya shida hii nchi nne za ziwa zilifanya mapatano katika mwaka wa 2003, na zikaunda chama chao cha kulilinda, makao yake Bujumbura. Katika mwaka wa 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu tarehe 15 ya mwezi wa tano hata tarehe 15 ya mwezi wa nane, ili samaki wazae na kukua. Miezi mitatu bila kuvua ni mirefu kwa mtu asiye na shamba. Aliyepanda muhogo nyuma ya nyumba yake anaivumilia. Asiye nao anatazama maji kila jioni, na mkono wake unatafuta kafi.

MAULIZO

1. Juu ya nini ndagala hukaa chini mchana na kupanda usiku?
2. Samaki hawakai chini kabisa ya Ziwa Tanganika. Wanakosa nini huko?
3. Mukebuka anaitwaje huko Uvira? Na huko Kigoma?
4. Eleza lusenga ni nini. Kama nyumbani kwenu iko moja, ichore katika daftari.
5. Mvuvi alipata kilo 120 za ndagala wabichi. Kilo 4 za wabichi zinatoa kilo 1 ya wakavu. Atafunga magunia mangapi ya kilo 15?
6. Baba wa mtoto mmoja ana chandarua kimoja na hana wavu. Watoto wake ni wanne. Mngemshauri nini? Semezaneni darasani.